Fundi Redio na Kaseti Saba za Wajapani

Kila gari la Kijapani lililoingia kwenye kibanda cha Fundi liliingia na mwanamke ndani yake. Ukiwasha tu, sauti laini inatoka kwenye dashibodi na kusema maneno marefu ya Kijapani, pengine salamu, pengine onyo, sisi tungejuaje. Madereva wa kuvusha magari Zambia walimtukana mwanamke huyo kwa sababu alirudia maneno yake njia nzima tangu bandarini. Fundi hakumtukana. Aliinamisha kichwa kidogo, akajibu, "Marahaba mama, umefika salama, hapa ni Tunduma," ndipo akachukua bisibisi na kumzima.

Nilimwona akifanya hivyo siku ya kwanza nilipompelekea kazi, nikacheka. Akanigeukia na kunifahamisha kwamba mgeni aliyetoka mbali kiasi kile hazimwi kabla ya kusalimiwa. Wakati huo nilikuwa mgeni mjini, ndiyo kwanza nimeajiriwa kwenye ofisi ya mawakala wa forodha, na hakuna aliyekuwa amenisalimia vizuri tangu nishuke kwenye basi. Nilidhani ananisema mimi. Mpaka leo sijamuuliza.

Mafundi Tunduma wamejaa, wa matairi, wa simu, wa turubai, wa kila kitu kinachoweza kuharibika kwenye foleni ya malori. Lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, watu walikuelekeza kwenye kibanda cha bati la bluu nyuma ya maegesho. Jina alikuwa nalo, na mimi nililiona kwenye karatasi zaidi ya mara moja, lakini hakupenda kuitwa nalo, kwa hiyo hapa nitamwacha na cheo chake. Mimi aliniita Mama Karatasi kabla hata sijapata mtoto, kwa kuwa kila nilipopita nilikuwa nimekumbatia faili.

Kazi yake kubwa ilikuwa kuzifundisha redio za Kijapani kusikia vya kwetu. Redio za magari ya huko zinashika masafa ya chini kuliko yetu, kwa hiyo mtu ananunua gari zuri, anawasha redio, anapata mvumo kama wa mvua juu ya bati, na stesheni moja ya mahubiri. Fundi aliifungua, akaunganisha kidude kidogo cha kuongeza masafa, akalehemu, akafunga, na gari likaanza kusikia muziki wa Dar es Salaam, wa Mbeya na wa ng'ambo ya mpaka pia. Wateja wake wengi walikuwa Wazambia. Walikuja wakimsalimu kwa Kibemba, "Mulishani, bashi Redio," yaani hujambo, baba Redio, naye akiwajibu "Bwino" kwa lafudhi ya Kinamwanga, halafu anaendelea kwa Kiswahili kana kwamba wote wamezaliwa Mbozi, na ajabu ni kwamba walielewana.

Alikuwa na msemo wake mmoja aliousema mpaka ukachuja: "Redio haifi, inanuna tu." Mtu analeta redio iliyoingia maji, imeliwa na mende, imeangukiwa na jeki, anauliza, "Fundi, imekufa?" Anajibu, "Imenuna." Kisha anaigeuzageuza na kuitafuta ilipochukizwa. Nilishuhudia akiikabili redio moja siku tatu. Siku ya nne ikasema neno moja, "Yesu," ikanyamaza tena. Fundi akasema walau sasa inajibu.

Alivaa ovaroli, na juu ya ovaroli koti la suti la kahawia, jua likiwaka au lisiwake. Mfuko wa koti ulikuwa na kalamu tatu. Nilipoazima moja kwake ikagoma kuandika, nikachukua ya pili ikagoma, akaniambia, "Inayoandika ni hii ya katikati. Hizo mbili ni za heshima."

Ukitaka mtu aliyejaa mambo yanayopingana, ulikuwa umempata. Aliishi kwa redio na hakupenda kusikiliza redio. Alisema watangazaji wanaongea kama watu wanaodai fidia. Aliwafokea madereva wa malori kwa kupiga honi, halafu anaingia kibandani na kufungulia magitaa ya kishindo mpaka bisibisi zinatembea zenyewe juu ya meza. Nilipomwambia kwamba hayo nayo ni makelele, akakasirika kwelikweli. "Kelele na muziki ni ndugu," akasema, "ila mama zao tofauti." Jumapili alikaa benchi la pili kanisani na koti lake, akaimba pole kuliko wajane. Jumatatu asubuhi saa mbili, kishindo.

Kishindo chenyewe kilikuwa cha Wajapani. Si Wazungu, si Wazambia wa zamani waliokuwa wakipiga magitaa makali enzi za ujana wake, ingawa hao nao aliwapenda. Wajapani wenye nywele mpaka kiunoni, wakipiga rock nzito, na yeye peke yake katika mkoa mzima wa Songwe, nadhani, ndiye aliyewajua.

Walimfikia ndani ya gari. Kuna gari liliwahi kuletwa kwake likielekea Zambia, na alipoinua tairi la akiba kutafuta waya akakuta kopo la biskuti. Ndani kuna kaseti saba. Hazikuwa za dukani. Mtu fulani huko Japani alirekodi mwenyewe, akaandika kwa mkono maandishi yao na namba, na juu ya kila kasha akabandika picha aliyoikata kwenye gazeti. Fundi alimpa mwenye gari kopo lake, mwenye gari akalikataa, akasema alinunua gari, hakununua nyimbo. Fundi akakaa nalo miezi mitatu bila kusikiliza, eti mwenyewe anaweza kutokea. Kutoka Japani! Alipoona hatokei, ndipo akaweka kaseti ya kwanza.

Namba zilikuwa 2, 6, 9, kisha 48, 50, 53 na 57. Fundi alizipanga kwa namba, kama mtu yeyote angefanya, na kwa kuzisikiliza kwa mpangilio huo akaipata historia nzima ya lile kundi, bila kujua neno moja la Kijapani wala jina la mwanamuziki hata mmoja. Niliisikia historia hiyo mara nyingi kuliko nilivyosikia hadithi za bibi yangu, naweza kuisimulia nikiwa nimefumba macho.

Namba 2 pichani wapo watatu, nywele zimekatwa, na muziki umetulia. Namba 6 wamebaki wawili. Namba 9 ni mtu mmoja tu, mwenye miwani myeusi, amekaa kwenye kiti na gitaa la mbao lisilo na umeme. Anapiga taratibu, anaimba kwa sauti ya mtu aliyeamka hajanywa chai. Fundi alimwita Miwani, na akifika hapo aliinua kidole: "Sasa sikiliza. Kutoka tisa mpaka arobaini na nane kuna kaseti ngapi hatuna? Nyingi! Humo ndimo walimopatana." Kwa kuwa namba 48, ukiiweka tu, wapo watano! Miwani nywele zimeota mpaka mgongoni, kuna mpiga ngoma anayepiga kama anafukuza nyoka, kuna mwimbaji anayelia kwa Kiingereza kibovu kushinda changu. Namba 50 wameacha Kiingereza, wanaimba kwa lugha yao, na hapo, hata mimi nisiyependa kishindo, nilihisi kitu kifuani. Namba 53 wamo ukumbini, unasikia umati unapiga makofi kwa pamoja kama watu wa kwaya. Namba 57 kuna kinanda, na picha ina watu wanne.

"Mwimbaji yuko wapi?" nilimuuliza.

"Ndiye anayepiga picha," Fundi akasema.

Alikuwa na jibu la kila kitu. Mbona namba 48 wanapiga ovyo, kama wanajifunza? Furaha, mwanangu, watu waliotoka kupatana wakashikana mikono hawawezi kupiga sawasawa. Dereva mmoja kijana alitaka kuusikilizisha wimbo kwenye simu yake ili imtajie jina la kundi, Fundi akaifunika ile simu kwa kitambaa cha kufutia mafuta. Alisema hataki kusimuliwa mwisho na simu, mwisho anao mwenyewe.

Na historia ile aliitumia. Watu wakigombana pale maegeshoni, kuli na kuli, mke na mume wa genge la chakula, aliwaita kibandani na kuwawekea namba 9, halafu namba 48. Wengi walitoka wamepatana, ama kwa mafundisho, ama kwa kutaka kuondoka haraka. Ndiyo maana ilinichukua muda kugundua kwamba kuna ugomvi mmoja Wajapani walikuwa hawajausuluhisha, nao ulikuwa wake.

Ukutani, nyuma ya nyaya, lilining'inia gitaa la umeme lenye nyuzi nne kati ya sita. Nilijua aliwahi kupiga. Siku moja mvua imetufungia ndani, nikamuuliza alipiga na nani. Akasema walikuwa watatu, wakipiga huku na ng'ambo ya mpaka, kwenye kumbi na kwenye harusi, na mpiga ngoma alishafariki. Mpiga besi ni mtu wa Mbozi, Mnyiha, wamekua pamoja kimuziki kama pacha.

"Yuko wapi sasa?"

"Yupo kwake. Ana kahawa."

"Mnaonana?"

Akachukua chuma cha kulehemu, akakitazama kama kimepoa. "Aliacha bendi," akasema. Akaongeza, "Sisi bado tuko namba tisa, Mama Karatasi."

Miaka ikapita. Tulikuwa tukikumbushana tu kwa utani, namuuliza mmefika kumi, ananijibu bado, barabara mbovu. Toka Tunduma mpaka kwa yule mwenzake si safari ya kutisha, ukitoka asubuhi unarudi kula mchana nyumbani. Lakini Fundi aliyekuwa akivuka mpaka wa nchi mara nne kwa siku, kununua risasi ya kulehemu upande wa pili kwa sababu eti inayeyuka vizuri, alishindwa kufika Mbozi.

Kilichomwondoa ni mteja aliyeleta redio kubwa ya nyumbani, spika zote nzima, akalalamika kwamba haina sauti. Fundi akaiwasha, wote tukaziba masikio. Yule mteja akasema si yake, ni ya jirani yake huko Mbozi, mzee mmoja wa kahawa aliyekuwa akipiga besi zamani; ameagiza iongezwe nguvu. Sikio moja limeshaziba, na la pili linaelekea hukohuko.

Fundi alimsubiri mteja aondoke. Nilidhani ataniambia neno la kuchekesha. Akasema, "Kesho una nafasi?"

"Kesho nina kazi, Fundi."

"Keshokutwa?"

"Kuna nini?"

"Nataka nimwambie jambo akiwa bado anasikia."

Nikaomba ruhusa ofisini, nikasema naenda msibani, na kumbe sikuwa nimedanganya sana. Alikuja na koti lake limepigwa pasi, kalamu zote tatu, lile gitaa limeshapata nyuzi sita, na kopo la biskuti. Kopo akanipa mimi nilipakate, kwa sababu alimkodi dereva wa jirani na hakuamini barabara. Katika miaka yote ile hakuwahi kuniachia kaseti hata moja mkononi. Alikaa mbele, akawa anafanya mazoezi ya hotuba yake kwa sauti ya chini, midomo inacheza. Nilisikia "Wajapani" mara kadhaa.

Nami huku nyuma, bila kuwa na la kufanya, nikafungua kopo. Nikaangalia maandishi.

Hapa lazima niseme kazi yangu. Kwenye hati za magari ya Japani mwaka mara nyingi hauandikwi kama wetu. Huandikwa alama mbili za jina la enzi ya mfalme wao, kisha namba ya mwaka tangu enzi hiyo ianze. Mfalme akibadilika, enzi inapata jina jingine na hesabu inaanza upya, moja. Sisi mawakala hatujui Kijapani, lakini alama hizo tunazijua, kwa sababu ukikosea enzi gari la jana unaliandika la babu, na hapo utawaeleza nini forodha. Nimezitazama alama za mfalme wa zamani na za yule aliyemfuata kila siku ya kazi.

Kaseti namba 48, 50, 53 na 57 zilikuwa na alama za mfalme wa zamani. Namba 2, 6 na 9 zilikuwa na alama za aliyemfuata.

Nikahesabu mara mbili, nikitumaini nimekosea. Sikukosea. Walianza watano. Walianza wakijifunza, wakiiga Kiingereza cha watu, kisha wakajikuta kwa lugha yao wenyewe, wakajaza ukumbi. Kisha mwimbaji akaondoka, na hakuwa anapiga picha. Wakawa watatu, wakawa wawili. Mwisho kabisa ni Miwani kwenye kiti chake, nywele amekata, anaimba peke yake, na baada ya hapo kopo halina kitu. Kati ya tisa na arobaini na nane hakukuwa na kaseti hata moja iliyopotea.

Tulikuwa tumeshapita Vwawa. Fundi mbele anasema kwa kunong'ona, "Na wenzetu walipatana, wakarudi watano..." Nilimwonea huruma mpaka nikashikwa na kiu. Nikafunga kopo. Nilijiambia kama kuna siku ya kusema ukweli wa Wajapani, siyo hiyo.

Mpiga Besi tulimkuta kwenye vichanja vya kahawa, akichambua punje mbovu pamoja na wanawake wanne wa mtaani na mkewe. Ni mzee mrefu, mkono mkubwa, uso umetulia. Alimtazama Fundi akipanda kilima na koti lake na gitaa lake na hakusimama wala hakuacha kuchambua.

"Nimekuja," Fundi akasema.

"Sema kwa nguvu, bwana. Masikio yangu yameenda likizo."

"Nimekuja!"

"Hilo naliona. Macho bado mazima."

Mimi nikasalimia, "Shikamoo baba," nikaitikiwa vizuri, nikapewa kigoda. Fundi hakupewa. Akachukua kopo kwangu, akalifungua. "Kuna Wajapani," akaanza.

"Akina nani?"

"Wajapani! Waliachana! Kisha wakapatana!"

Mpiga Besi akamtazama mkewe, akamtazama Fundi. "Wanataka kahawa?"

Wanawake wakacheka kwa kuinama. Fundi akaishika kaseti namba 9 juu kama kadi nyekundu, na hotuba yote ya njiani ikampotea. Mpiga Besi akaacha kuchambua. Akafuta mikono kwenye suruali.

"Waache Wajapani," akasema, bila ukali. "Baba yangu alizikwa Jumapili. Wewe alikuwa anakuita mwanangu, ulikuwa unakula kwenye sahani yake. Kaburi limechimbwa, mimi naangalia barabara. Jeneza limeshuka, naangalia barabara. Ulikuwa wapi?"

Kwa hiyo ugomvi haukuwa wa kuacha bendi. Nilimtazama Fundi, naye akatazama chini.

"Kasama," akasema.

"Sisikii."

"Kasama."

"Bwana, sema nisikie."

Na Fundi, mtu wa kuimba pole kanisani, ikambidi apaze sauti mpaka watu wa vichanja vya jirani wakageuka. "Nilikuwa Kasama, Zambia! Napiga gitaa kwenye harusi ya watu! Habari niliipata Ijumaa! Basi la alfajiri lilikuwepo! Sikupanda!"

"Kwa nini?"

"Niliogopa watapata mpiga gitaa mwingine!"

Mkono wa mke wa Mpiga Besi ulikuwa umesimama juu ya kahawa. Mimi nilitamani ardhi inimeze, na si mimi niliyekosa.

"Walimpata?" Mpiga Besi akauliza.

"Hawakumpata."

"Ulipiga vizuri?"

"Nilipiga vibaya! Nyimbo zote vibaya!"

Mpiga Besi akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa kitu alichokiagiza siku nyingi. "Miaka yote hiyo nilitaka unambie wewe," akasema. "Kwa watu nilishasikia." Akasimama, akachukua jembe lililoegemezwa kwenye ukuta. Katika familia ile aliyekosa mazishi hali chakula cha nyumba mpaka akapalilie kaburi kwa mkono wake. Wakashuka wawili kwenye migomba, lilipo kaburi. Tuliwaona kwa mbali, koti la kahawia limevuliwa limewekwa juu ya jiwe, Fundi anainama na kuinuka, na mwenzake anamwelekeza na kidole: hapo umeacha, na hapo. Waliporudi Fundi alikuwa na udongo mpaka kwenye nyusi na analia waziwazi, hafuti. Mke wa mwenye nyumba alimpokea kwa maji ya kunawa, akasema, "Kawia ufike, shemeji." Tukala ugali na maharage na parachichi. Baada ya chakula gitaa likatolewa, na besi ikatafutwa chini ya magunia. Walipiga vibaya sana. Mpiga Besi alikuwa amelaza taya juu ya ubao wa besi yake, anasikilizia kwa mfupa, amefumba macho, na kila waliposhindana mwendo walicheka kama wendawazimu.

Mwaka uliofuata nilihamishiwa Isongole, wilayani Ileje, kwenye mpaka mdogo wa Malawi, ambako magari ni machache na karatasi ni zilezile. Nikawa nasikia habari za Fundi kwa madereva tu: kwamba kila Jumamosi anafunga kibanda mapema anaelekea Mbozi, kwamba siku hizi hafokei tena honi.

Juzijuzi nilikwenda Tunduma kwa shughuli za ofisi, nikapita na kigari changu, ambacho redio yake aliitengeneza mwenyewe kabla sijahama. Kibanda kilekile, koti lilelile, mgongo umepinda kidogo. Alikuwa amefungua gari jipya jipya, na alipoliwasha mwanamke wa Kijapani akasalimu, Fundi akaitikia. Aliponiona akasema, "Mama Karatasi, umekonda, huko Ileje hawali?" Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, ileile niliyokuwa nikikalia zamani. Akanionyesha kopo la biskuti. Kaseti zilikuwa nane. Ya nane ni ya kwetu, ya bei nafuu, na kwenye kasha amebandika picha ya wazee wawili mbele ya vichanja, waliyopigwa na shemeji yake. Juu ameandika 58.

"Sikio lake?" niliuliza.

"La kulia limenuna moja kwa moja. La kushoto bado linajibu kidogo. Tulimaliza kurekodi kwa wakati." Akaipangusa ile kaseti kwa mkono wa koti. Kisha, bila kunitazama, akasema, "Siku ile garini, kwenye kioo, nilikuona. Uliyaangalia yale maandishi sana, ukafunga kopo kama umeona nyoka. Uliona nini?"

Ningeweza kudanganya. Nilifikiria, kusema kweli. Lakini mtu aliyepiga kelele za aibu yake mbele ya vichanja vya watu, utamdanganyaje kuhusu namba. Nikamweleza habari ya wafalme. Nikachukua kaseti moja moja na kumwonyesha alama, hizi za wa zamani, hizi za aliyemfuata, na jinsi hesabu inavyoanza moja. Akafuatisha kwa kidole bila kunikatisha. Nilipomaliza alichukua namba 9, akaiweka, na tukaisikiliza pande zote mbili, Miwani na gitaa lake la mbao, mpaka kaseti ikajizima yenyewe.

"Kwa hiyo hii ndiyo ya mwisho," akasema.

"Ndiyo, Fundi."

"Alibaki peke yake."

"Labda walirudiana baadaye, wasirekodi. Hatujui."

"Na mimi nimepatanisha maegesho mazima kwa hadithi ya kinyumenyume." Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, kisha kicheko kikaisha na akawa ameitazama ile picha ya mtu kwenye kiti kwa muda mrefu. Nilimwona jinsi alivyosikitika. Alikuwa anamsikitikia kama ndugu.

Akapeleka mkono mfukoni, akatoa kalamu ya katikati. Akachukua kaseti yake na Mpiga Besi, akaikata ile 58 kwa mstari, na pembeni yake akaandika 10. Akazipanga upya zote, watano mbele, wakifuatiwa na wanne, watatu, wawili, kisha Miwani. Mwisho, kando ya Miwani, akawaweka wale wazee wawili wa Mbozi.

"Asikae peke yake," akasema, akafunga kopo, akaniuliza kama redio ya gari langu bado inashika.